Thairoksini na Mchochota wa Tezi: Kujaza Pengo Si Kuponya

Miongoni mwa maradhi yanayotokana na mwili kujishambulia wenyewe, ugonjwa wa tezi ya thairoidi ni mmojawapo wa yale yaliyoenea sana duniani. Tiba yake huonekana nyepesi, kwani ni kidonge kidogo kinachomezwa kila asubuhi. Mgonjwa aliyekuwa mchovu daima, akihisi baridi hata wakati wa jua kali, hupata nafuu baada ya majuma machache na kurudi shambani au ofisini. Hapo aghalabu hujiuliza: "Maadamu nimepona, ya nini kuendelea kumeza dawa?"

Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu la kisayansi badala ya amri tupu. Wapo wagonjwa wengi ambao hawakupewa jibu hilo, wakaacha dawa kwa sababu walijiona wazima, na baada ya miezi michache wakarudi hospitalini wakiwa katika hali mbaya. Wengine hukosea kwa upande wa pili. Huongeza vidonge kwa hiari yao, wakidhani kwamba dawa nyingi zaidi itauzima ugonjwa upesi zaidi. Makosa yote mawili yana asili moja, nayo ni kuchanganya mambo mawili yaliyo mbali: upungufu wa homoni, na mchochota ulioleta upungufu huo. Katika makala haya tutajaribu kuyatenganisha mambo hayo mawili na kuonyesha kidonge hufanya nini juu ya kila moja.

Tezi na kazi yake

Tezi ya thairoidi, ambayo baadhi ya vitabu vya Kiswahili huiita dundumio, iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Umbo lake ni kama la kipepeo aliyekunjua mbawa, na uzito wake kwa mtu mzima ni kadiri ya gramu 15 hadi 25. Ndani yake mna vifuko vidogo sana, na kila kifuko kimezungukwa na ukuta wa chembe hai za safu moja. Chembe hizo huinasa iodini iliyomo katika damu. Kisha, kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho peroksidesi ya thairoidi, huibandika iodini hiyo juu ya protini kubwa iitwayo thairoglobulini. Protini hii ndiyo malighafi ya homoni, na pia ndiyo ghala lake, kwani tezi yenye afya huweka akiba ya kutosha majuma kadhaa.

Homoni zitokazo hapo ni mbili. Ya kwanza ni thairoksini, yenye atomu nne za iodini, na kwa sababu hiyo wataalamu huiandika T4. Ya pili ina atomu tatu, nayo huandikwa T3. Tezi hutoa T4 kwa wingi na T3 kidogo tu. Walakini T3 ndiyo yenye nguvu. Ini, figo, misuli na viungo vingine huing'oa atomu moja ya iodini kutoka katika T4 na kupata T3 kadiri ya mahitaji yao. Jambo hili ni la kukumbukwa, kwa maana ndilo linalowezesha kidonge cha T4 peke yake kuyatosheleza mahitaji ya mwili kwa wagonjwa walio wengi.

Kazi ya homoni hizi ni kuamua mwendo wa shughuli za mwili: jinsi chakula kinavyochomwa kutoa joto na nguvu, jinsi moyo unavyopiga, jinsi matumbo yanavyosukuma chakula, na jinsi mifupa ya mtoto inavyorefuka. Kwa mtoto aliye tumboni, ubongo hauwezi kujengeka sawasawa bila homoni hizi. Na katika miezi ya kwanza ya mimba, mtoto hutegemea zile za mama yake.

Msimamizi wa tezi ya thairoidi ni tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, yenye ukubwa wa punje ya njegere, iitwayo pituitari. Nayo hutoa homoni ya kuichochea thairoidi, ambayo katika maabara huandikwa kwa herufi TSH. Thairoksini ikipungua katika damu, pituitari huongeza TSH. Thairoksini ikitosha, pituitari hupunguza. Kwa hiyo, msomaji asishangae akiambiwa kwamba TSH iliyopanda juu huashiria tezi iliyodhoofika. Pituitari inapiga kelele kwa sababu haiitikiwi. Kwa mtu mzima mwenye afya, kipimo cha TSH kwa kawaida huwa kati ya 0.4 na 4 hivi, kwa vizio vinavyotumika katika maabara nyingi.

Mwili unapojigeuka

Mwiba ukikuchoma mguuni, mahali pale huvimba, hupata joto na kuuma. Hali hiyo ndiyo iitwayo mchochota. Si ugonjwa kwa asili yake, bali ni mwitikio wenye manufaa. Damu huletwa kwa wingi, chembe nyeupe humiminika mahali penye jeraha, vijidudu huuawa, mabaki husafishwa, na baada ya siku chache kazi hukoma.

Mchochota wa tezi ya thairoidi tunaouzungumzia hapa hutofautiana na huo kwa mambo matatu. Kwanza, hakuna mwiba wala kijidudu kinachoshambuliwa, bali kinga ya mwili imeshindwa kutambua kwamba chembe za tezi ni za nyumbani. Pili, haukomi baada ya siku chache, bali huendelea kwa miaka. Tatu, kwa kawaida hauumi, na ndiyo maana huweza kuibomoa tezi bila mwenyewe kuwa na habari. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kimo ndani zaidi ya nguo.

Watendaji wakuu wa ubomoaji huu ni chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti. Limfosaiti za aina ya T huingia katika tezi na kuziua chembe zake, ama kwa kuzishambulia moja kwa moja, ama kwa kumwaga kemikali ziitwazo saitokini ambazo huzisukuma chembe hizo kufa. Limfosaiti za aina ya B hutengeneza kingamwili, yaani protini za ulinzi, dhidi ya kile kimeng'enya cha peroksidesi na dhidi ya thairoglobulini. Kingamwili dhidi ya peroksidesi hupatikana katika damu ya wagonjwa kadiri ya 9 kati ya 10, na kwa sababu hupimika kwa urahisi, zimekuwa alama kuu ya kuutambua ugonjwa.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kingamwili hizo ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya uharibifu. Mama mwenye ugonjwa huu akipata mimba, kingamwili zake hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto. Lakini kwa kawaida tezi ya mtoto haibomolewi. Kingamwili, basi, ni kama moshi. Moshi hutuambia kwamba moto upo, bali si moshi unaoteketeza nyumba.

Kwa nini watu fulani hupatwa na wengine hawapatwi? Nasaba ina sehemu yake, kwani ugonjwa huu huonekana mara nyingi katika ukoo mmoja. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, si chini ya mara tano. Aidha, iodini ikizidi mno huweza kuuchochea kwa watu wenye mwelekeo huo wa nasaba.

Mwenendo wa ugonjwa huwa wa polepole. Mwanzoni, chembe zilizosalia hufanya kazi ya ziada kwa kuchochewa na TSH, na homoni hubaki sawa. Pengine ukuta wa vifuko hubomoka kwa ghafla na akiba ya homoni humwagika katika damu, hata mgonjwa akaonyesha kwa muda dalili za homoni nyingi kupita kiasi: moyo kwenda mbio, jasho, na wasiwasi. Mwishowe, makovu huchukua mahali pa chembe hai, na upungufu huanza kuonekana: uchovu, kuhisi baridi, ngozi kukauka, nywele kunyonyoka, kufunga choo, uzito kuongezeka, sauti kukwaruza, hedhi nyingi, na fikra kuwa nzito.

Kutoka Fukuoka hadi Buffalo na London

Aliyeueleza ugonjwa huu mara ya kwanza ni daktari mpasuaji wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, wa Chuo Kikuu cha Kyushu mjini Fukuoka. Mwaka 1912 alichapisha kwa Kijerumani taarifa ya wanawake wanne waliokuwa wamepasuliwa kwa sababu ya kuvimba tezi. Alipozitazama tezi hizo kwa hadubini, alikuta zimejaa limfosaiti na makovu, hali ambayo haikufanana na rovu la kawaida. Sababu yake hakuijua, wala hakuna aliyeijua wakati ule. Wanasayansi walio wengi waliamini kwamba mwili hauwezi kutengeneza silaha dhidi ya viungo vyake wenyewe.

Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1956. Katika mji wa Buffalo, Marekani, Noel Rose na Ernest Witebsky walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya sungura. Walimdunga sungura dondoo la tezi ya thairoidi pamoja na kemikali ya kuichochea kinga, na tezi ya sungura huyo ikajaa limfosaiti kama zile za wagonjwa wa Hashimoto. Mwaka uleule, mjini London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walichanganya majimaji ya damu ya wagonjwa na dondoo la tezi ya binadamu, wakaona vikigandana. Hiyo ilikuwa ishara kwamba katika damu mna kingamwili dhidi ya tezi. Tangu hapo elimu ya magonjwa ya mwili kujishambulia ilipata msingi wake, na hadi leo ugonjwa huu hutajwa kwa jina la Hashimoto.

Kondoo wa Newcastle

Sasa tutazame tiba. Hapa kuna jambo la ajabu kidogo, nalo ni kwamba tiba ilitangulia maarifa ya ugonjwa. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alianza kumtibu mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa amepungukiwa sana na homoni ya thairoidi. Alimdunga sindano za dondoo la tezi za kondoo. Baada ya majuma machache uvimbe wa uso ulipungua, usemi ukawa mwepesi, na nguvu zikarudi. Muda si mrefu ikagundulika kwamba dondoo hilo lafaa hata likimezwa. Mwanamke huyo aliishi miaka mingine 28, hadi mwaka 1919, na kwa muda huo ilikadiriwa kwamba zilitumika tezi za kondoo wapatao 870.

Msomaji ayapime mambo hayo. Murray alifanikiwa miaka 21 kabla ya Hashimoto kuandika taarifa yake, na miaka 65 kabla ya sababu ya ugonjwa kubainishwa. Aliweza kufanikiwa bila kujua ni nini kilichoiharibu tezi ya mgonjwa wake, kwa sababu hakuitibu tezi. Alimpa mgonjwa kile ambacho tezi imeshindwa kukitoa. Lakini pia mgonjwa huyo alihitaji dawa kwa miaka 28 mfululizo. Tezi yake haikufufuka.

Baadaye tiba ilisafishwa. Tarehe 25 Desemba 1914, Edward Kendall wa Rochester, Minnesota, alifaulu kupata chembechembe safi za thairoksini. Mwaka 1926 Charles Harington alieleza muundo wake wa kikemia, na mwaka 1927, pamoja na George Barger, aliitengeneza maabarani. Siku hizi thairoksini hutengenezwa viwandani, na imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Kipimo chake ni kidogo mno. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi tena huhitaji kadiri ya mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60, basi, huhitaji kama mikrogramu 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya gramu. Wazee na wenye maradhi ya moyo huanzishiwa kiasi kidogo zaidi, kisha huongezewa taratibu.

Je, thairoksini huutuliza mchochota?

Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Tuchukue mfano wa kijiji ambacho mashine yake ya kusaga unga imeshika moto. Watu wa kijiji wakiletewa unga kutoka mjini, hawatakufa njaa. Lakini magunia ya unga hayazimi moto. Hivyo ndivyo ilivyo kwa thairoksini: unga umefika, njaa imekwisha, na moto unaendelea kuunguza pole pole.

Hata hivyo, mfano huo hautoshi, kwani utafiti umeonyesha kwamba dawa hii haikosi kabisa athari juu ya mchochota. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka kadhaa wagonjwa 38 wa Hashimoto waliokuwa wakimeza thairoksini. Kwa wagonjwa 35 miongoni mwao, kingamwili dhidi ya peroksidesi zilipungua. Kwa wastani upungufu ulikuwa kadiri ya asilimia 45 baada ya mwaka mmoja na asilimia 70 baada ya miaka mitano. Lakini ni wagonjwa 6 tu ambao kingamwili zao zilishuka hadi kiwango cha kuhesabiwa kuwa hazipo.

Ni kwa njia gani homoni iweze kupunguza kingamwili? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba jambo hili hupitia kwa TSH. TSH ikiwa juu, tezi husukumwa kufanya kazi kwa nguvu na kutengeneza peroksidesi kwa wingi, na peroksidesi ndiyo mojawapo ya shabaha za kinga iliyopotoka. Mgonjwa akimeza thairoksini, pituitari hutulia, TSH hushuka, tezi hupumzika, na shabaha huwa chache. Limfosaiti zikikosa cha kuzichochea, nazo hupungua ukali. Tena haiwezi kusahauliwa kwamba ugonjwa wenyewe huweza kufifia kwa muda mrefu kwa sababu chembe za kushambuliwa zimebaki chache.

Kutokana na hayo tunapata hukumu yenye pande mbili. Thairoksini huweza kuupunguza mchochota kwa njia ya kuipumzisha tezi, lakini haiurudishi utambuzi ulioipotea kinga ya mwili, wala haijengi upya vifuko vilivyokwisha kuwa makovu. Kwa sababu hiyo madaktari kwa kawaida hawampi thairoksini mtu ambaye homoni zake ziko sawa, eti kwa ajili ya kushusha kingamwili tu. Humfuatilia kwa vipimo, wakasubiri.

Mwanafunzi makini atauliza: kwa nini basi zisitumiwe dawa za kuutuliza mchochota wenyewe? Dawa kama predinisoloni huweza kweli kuutuliza, lakini ikiachwa mchochota hurudi, na ikitumiwa kwa miaka huleta kisukari, mifupa dhaifu na urahisi wa kupata maambukizo. Madini ya seleniamu nayo yamejaribiwa. Katika majaribio kadhaa yalishusha kingamwili, lakini haijathibitishwa kwamba humwondolea mgonjwa haja ya thairoksini. Ikiwa homoni inayokosekana inapatikana kwa bei ndogo na bila madhara inapotumiwa kwa kipimo chake, si busara kuidhoofisha kinga yote ya mwili kwa ajili ya kuiokoa tezi moja.

Wanaobaki wachovu

Ingawa wagonjwa walio wengi hupata nafuu kamili, wapo wachache ambao vipimo vyao vya homoni ni vizuri na bado wanalalamika uchovu. Zamani waliambiwa kwamba hawana lolote. Mwaka 2019 watafiti wa Norwe walichapisha jaribio lililowahusu wagonjwa 150 wa namna hiyo, wote wakiwa na kingamwili nyingi mno. Nusu yao walitolewa tezi nzima kwa upasuaji na kuendelea na thairoksini. Nusu waliendelea na thairoksini peke yake. Baada ya miezi 18, waliopasuliwa walikuwa na kingamwili chache sana, na uchovu wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao.

Jaribio hilo ladokeza kwamba kwa baadhi ya wagonjwa mchochota wenyewe, mbali na upungufu wa homoni, huchangia uchovu. Lakini tuyapokee matokeo hayo kwa uangalifu. Wagonjwa walijua ni nani aliyepasuliwa na ni nani hakupasuliwa, na matumaini peke yake huweza kubadili hisia. Pia wagonjwa kadiri ya 14 katika kila 100 waliopasuliwa walipata madhara ya upasuaji. Upasuaji, basi, si tiba ya kila mtu. Na mgonjwa anayebaki mchovu yafaa achunguzwe kwanza kama hana upungufu wa damu, kisukari, au maradhi mengine ya mwili kujishambulia, kwani maradhi haya hupenda kufuatana.

Hesabu ya majuma

Turudi kwa yule mgonjwa aliyeacha dawa. Thairoksini iliyomo katika damu hupungua hadi nusu yake kwa muda wa siku 7 hivi. Wanafunzi wa fizikia wataitambua hesabu hii, kwani ni ileile ya elementi zenye mnunurisho. Tukianza na 100, baada ya juma moja hubaki 50; baada ya majuma mawili 25; matatu 12.5, manne 6.25, na matano kama 3.

Hesabu hii hueleza mambo matatu. Kwanza, mgonjwa aliyesahau kidonge siku moja hataona tofauti, na hana sababu ya kutishika. Pili, anayeacha kabisa atajiona mzima kwa siku nyingi, na hilo ndilo linalomdanganya. Husema, "Nimeacha juma zima na sijambo," ilhali nusu ya akiba yake imekwisha kutoweka. Dalili zitakaporudi pole pole, huenda asizihusishe na dawa aliyoiacha. Tatu, mtu akianza dawa au akibadilishiwa kipimo, damu yake haitulii katika kiwango kipya mpaka yapite majuma matano au zaidi. Ndiyo maana daktari humwambia arudi kupimwa TSH baada ya majuma 6 hadi 8, si kesho yake.

Mwenye kuongeza vidonge kwa kukosa subira hujidhuru. Thairoksini ikizidi, moyo huenda mbio na huweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake, na mifupa hudhoofika. Na kama tulivyoona, ziada hiyo haizimi mchochota.

Namna ya kumeza nayo ina maana. Kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai au kahawa. Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo vina madini ya chuma, pamoja na vile vya kalisi, huizuia thairoksini isiingie mwilini, na kwa hiyo hutenganishwa nayo kwa saa 4. Jambo hili lawahusu sana akina mama wajawazito, ambao hupewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, na ambao kwa wakati huohuo huhitaji thairoksini zaidi kuliko kabla ya mimba. Mama mwenye ugonjwa huu akijua tu kwamba ni mjamzito, yafaa amwone daktari bila kukawia.

Rovu na chumvi

Katika nchi yetu, neno la kwanza linalokuja akilini shingo inapovimba ni rovu linaloletwa na ukosefu wa iodini. Ni sawa, kwani nyanda za juu za kusini na sehemu nyingine za milima zilikuwa na rovu kwa wingi. Katika miaka ya 1980 wakazi wa wilaya zilizoathirika sana waligawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini, na katika miaka ya 1990 utiaji wa iodini katika chumvi, ile tuiitayo chumvi yenye madini joto, ulienezwa.

Lakini si kila shingo iliyovimba yadai iodini zaidi. Tezi yenye mchochota haikosi malighafi, bali mafundi wake wanauawa. Kumwongezea mgonjwa wa namna hiyo iodini nyingi huweza kumzidishia ugonjwa. Nchini Denmark, iodini ilianza kutiwa katika chumvi kwa lazima mwaka 2000, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba watu wenye kingamwili dhidi ya peroksidesi wameongezeka. Je, hii ni hoja ya kuiacha chumvi yenye madini joto? La hasha. Hasara ya ukosefu wa iodini, hasa kwa ubongo wa watoto, ni kubwa mno kuliko hatari hiyo. Funzo ni kwamba iodini itiwe kwa kipimo, na kwamba anayevimba shingo apimwe damu badala ya kujitibu mwenyewe.

Wajibu wa shule

Ugonjwa wa Hashimoto huwapata hata vijana wa umri wa kwenda sekondari, hasa wasichana. Mwanafunzi aliyekuwa hodari akianza kusinzia darasani, akashuka katika masomo, akaacha kurefuka wakati wenzake wanarefuka, na kujifunika sweta mchana wa jua, huenda akaitwa mvivu na kuadhibiwa. Au nyumbani ikasemwa kwamba ametupiwa jicho. Mwalimu si daktari, lakini yeye ndiye amwonaye mwanafunzi kila siku kwa miaka, na huweza kuyaona mabadiliko kabla ya mtu mwingine. Si kila zahanati ina uwezo wa kupima TSH, walakini hospitali kubwa nyingi zinao, na barua fupi kwa mzazi yatosha kuanzisha safari hiyo.

Darasani, mwalimu wa biolojia na mwalimu wa hisabati wanaweza kulitumia somo hili kwa pamoja. Wanafunzi wachore mchoro wa uhusiano kati ya pituitari na thairoidi, waonyeshe TSH inakuwaje tezi inapobomolewa, na inakuwaje mgonjwa anapomeza thairoksini. Kisha wachore mkunjo wa kiasi cha thairoksini kwa majuma sita baada ya kuacha dawa, na mwingine kwa majuma sita baada ya kuanza. Mwanafunzi aliyeichora mikunjo hiyo kwa mkono wake ataweza, siku moja, kumweleza mama yake au shangazi yake kwa nini kidonge kile kidogo humezwa leo, na kesho, na hata siku atakapojiona hana ugonjwa wowote.